Nungunungu na Sheria ya Korongo

Paukwa!

Pakawa!

Sikio limelala?

Liamke lisikie.

Hapo zamani za kale, kanga waliishi kando ya korongo kavu. Walikuwa na dini yao. Waliliabudu Jiwe, jiwe kubwa lililokaa katikati ya korongo. Sheria yao kuu ilikuwa hii: ngurumo ikisikika milimani, kila kanga ashuke korongoni, afumbe macho, alisifu Jiwe mpaka mvua ipite.

Jirani yao alikuwa Nungunungu. Alipougua, Bi Madoa, kanga jike mwenye roho safi, alimletea mizizi siku saba. Kanga walipotaga, Nungunungu alilala mbele ya viota, miiba nje, ili Nguchiro asile mayai. Aliwapenda sana. Lakini kila masika aliwazika. Maana ngurumo ya milimani huleta maji korongoni, gharrr, na aliyefumba macho hayaoni. Waliokufa walisemekana wameitwa na Jiwe. Jiwe lilikuwa likiita sana miaka ya mvua nyingi.

Mwaka huo maji yalimchukua binti wa Bi Madoa na vifaranga wake wanne. Nungunungu akashindwa kunyamaza. Akaenda kwa Kishungi, kiongozi wa ibada.

"Bwana Kishungi," alisema, "sheria hii ya korongo ni mbaya. Inaua."

Kishungi akanyoosha shingo. "Umetutukana."

"Nimesema sheria ni mbaya."

"Umesema kanga ni wabaya. Nyote mmesikia?"

Wakasikia. Hata waliokuwa mbali wakichakura, ambao hawakusikia neno, wao ndio waliosikia zaidi.

"Bwana, sheria haina manyoya. Sheria haikuniletea mizizi. Aliyeniletea ni Bi Madoa."

"Ukilisema Jiwe, umemsema Bi Madoa."

Nungunungu akamgeukia Bi Madoa. Bi Madoa akatazama chini, asiseme kitu. Hilo lilimchoma Nungunungu, yeye mwenye miiba.

Mara Nguchiro akatoka kichakani, meno nje.

"Mwenzangu, umenena," alisema. "Dini mbovu kabisa hii. Kwa hiyo tuwafukuze kisimani, tuvunje viota. Mayai nitayashughulikia mimi, usijisumbue."

"Mimi nimeisema sheria," Nungunungu alijibu. "Wewe unawasema kanga."

"Kwani kuna tofauti gani?"

Nungunungu akamtazama Nguchiro, akamtazama Kishungi. Maadui wa tangu na tangu, hawajapatana hata juu ya njia ya kisimani, leo wamepatana. Akasimamisha miiba, cha-cha-cha, Nguchiro akatokomea. Kishungi hakuliona hilo. Alikuwa na kazi ya kutangaza kwamba Nungunungu ni adui wa kanga, na afukuzwe.

Akafukuzwa.

Siku ya nne, ngurumo ikalia milimani. Ngrrr. Nungunungu alikuwa juu kilimani, peke yake. "Wamenifukuza," alijiambia. "Waitwe wote." Akaenda hatua tatu. Akasimama. Akamkumbuka Bi Madoa. Akageuka, mbio, mbio, mbio.

Akawakuta korongoni, macho wamefumba, wanasifu. Safari hii hakuhubiri. Aliingia katikati yao akawachoma, huyu paja, yule mkia. Wakaruka kwa makelele mpaka ukingoni. Gharrr! Maji yakafika. Miguu ya Nungunungu ni mifupi, yakamkumba.

Bi Madoa akashuka mpaka maji yakamfika kifuani. Akamng'ata mwiba, akavuta. Wenzake wakamshika, wakavuta. Wakamtoa.

Kishungi, mwiba ungali mkiani, akatangaza, "Jiwe limetuokoa."

Jiwe lenyewe wakati huo lilikuwa chini ya maji, hata ncha haionekani.

"Mimi nitaendelea kulisifu Jiwe," Bi Madoa alisema taratibu. "Lakini nitalisifia huku juu. Na jirani yetu anarudi nyumbani. Nilinyamaza siku ile, na ninaona haya."

Kanga wengi wakasogea upande wake. Kishungi akasema huo ni upungufu wa imani. Aliyasema hayo akiwa hukohuko juu, mkavu, na hajashuka tena mpaka leo.

Basi, watoto, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: kuikosoa dini si kumchukia anayeifuata. Ila mwenye chuki naye hupenda kujificha humo humo. Msiwachanganye. Tazameni nani amekuja kwa ajili ya mayai, na nani ameingia majini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyechomwa na mwiba wake, asinitazame mimi.