Mablanketi ya Nyanzobe

Mwaka ule wa ukame, kisima kilichobaki na maji kilikuwa cha Lugendo peke yake, naye alikizungushia seng'enge. Miche ya nyanya ya akina mama ilikuwa imelegea kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Nyanzobe akamwendea.

"Mtani, nigawie maji ya shamba."

"Hapa haitoki ndoo wala kibuyu. Labda ufe, mtani, nikuoshe maiti."

"Basi turuhusu tufue hapa hapa mablanketi ya watoto. Wameyakojolea."

Lugendo akacheka mpaka akashika kiuno. "Fueni. Mtani akinuka mkojo, aibu ni yangu."

Wakaja akina mama wote wa kijiji, wakafua huku wakiimba. Walipomaliza, Lugendo akashangaa.

"Mbona hamyakamui?"

"Tukikamua hapa, tope litaingia kisimani mwako."

Moyo ukamlainika. Akamtwisha kila mmoja blanketi lake kwa mikono yake mwenyewe, wakaondoka wakichuruzika.

Walipofika shambani wakasimama juu ya miche, wakakamua. Ya bibi kizee Holo ndiyo iliyonyweshwa kwanza.

Kesho yake Nyanzobe alikuwa tena kwenye seng'enge.

"Mtani, wamekojoa tena."