Maji ya Bibi Nyamizi

Paukwa!

Pakawa!

Leo sicheki, wanangu. Anayetaka ya sungura kaja siku mbaya.

Hapo zamani za kale, kengele ya shule ya misheni ikiwa kipande cha reli, alikuwapo Mwalimu Zefania, mzee wa mvi, mpole. Ijumaa akigonga reli, ngo! ngo! ngo!, watoto waliacha vitabu wakashika mitungi. Kila mtoto alikuwa na mzee wake wa kumtekea maji. Jioni Mwalimu alisimama langoni, akimwuliza kila mmoja, "Umefikisha?" Naye hujibu, "Nimefikisha, Mwalimu."

Kalunde, msichana mwenye sauti tamu, alipewa Bibi Nyamizi. Miguu ya Bibi ilikuwa imekufa, alitambaa. Akipata mgeni hamwachi. Atamsimulia habari za binti yake aliyefariki, zile zile, toka mwanzo.

Ijumaa moja kwaya ilikuwa na mazoezi. Kalunde akafika mbio, maji yakicheza mtungini, chubwi, chubwi. Akapiga hodi. Ndani sauti ikajibu kwa taabu, "Karibu, mjukuu wangu. Ingia."

Kalunde akajua akiingia tu, kwaya imempita. Akautua mtungi mlangoni, huyoo, akaenda zake.

"Umefikisha?"

"Nimefikisha, Mwalimu."

Na wala hakusema uongo. Ndiyo maana baadaye iliuma zaidi.

Jumapili, baada ya ibada, Mwalimu akaipeleka kwaya ikamwimbie Bibi. Mtungi ulikuwa palepale mlangoni, umejaa pomoni, jani likielea juu. Wakasukuma mlango. Bibi alikuwa amelala kifudifudi, homa imekwisha kumchukua, mkono ameunyoosha kuelekea mlangoni. Zilibaki hatua mbili. Hatua mbili tu, wanangu.

Watoto wote wakamtazama Kalunde. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akangoja fimbo. Fimbo haikuja. Mwalimu alivua kofia, akapiga magoti kando ya Bibi.

"Kosa ni langu," akasema. "Kila Ijumaa nimeuliza habari za maji. Habari za Bibi sikuuliza."

Kwa maji yale yale Bibi akaoshwa. Wanawake waliosha, Kalunde akawamiminia, kata kwa kata, huku analia. Kwaya haikuimba siku hiyo.

Miaka ikapita. Mwalimu naye miguu ikamwishia. Ijumaa moja Kalunde, sasa mama wa watoto wanne, akamletea maji. Mzee akamwuliza kwa sauti ndogo, "Umefikisha?"

"Bado, Mwalimu. Kunywa kwanza."

Akamwinua kichwa, akamnywesha. Kisha akaketi. Mzee akaongea, yale yale, toka mwanzo, hadi jua likazama. Kalunde hakuinuka. Ijumaa iliyofuata hapakuwa na wa kupelekewa maji.

Basi kwetu husema: maji yaliyoachwa mlangoni bado yako mtoni.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye mzee nyumbani asikae kuniaga. Aende.