Mlango wa Sechelela

"Mlango wa rehani hauzuii fisi!" Mama Lechipya, mwenye duka, alimrushia maneno hayo jirani yake aliyekuwa akisifia mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, alioupata asubuhi ile. Jirani akanuna, akaenda zake. Vijana waliokaa kwenye benchi la duka wakamgeukia Mzee Ndahani, mstaafu wa reli, wakataka kujua msemo huo umetoka wapi.

Mzee akalamba kidole, akakielekeza mbinguni. "Ni kweli tupu, wajukuu zangu. Nikitia chumvi hata punje, ulimi huu ukakamae kama ngozi ya ngoma. Msemo huo ulizaliwa hapahapa Ugogo, na mama yake ni hasira."

Zamani hizo watu waliishi kwenye matembe, binadamu na mifugo chini ya dari moja. Mlango wa tembe ulichongwa kwa gogo zima. Ndani kulikuwa na watoto na mbuzi, nje kulikuwa na fisi, na katikati yao hapakuwa na kingine ila ule mlango.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Sechelela, mjane mwenye watoto watatu, akabaki na mbuzi watano na chungu kikavu. Akamwendea Chibago, tajiri wa uwele.

"Nikunyime, mama, kwani nina roho ya jiwe?" Chibago akasema. "Chukua kapu zima. Ukivuna, nirudishie kapu na kibaba kimoja juu yake. Rehani ni mlango wako tu."

"Mlango tu?"

"Mlango tu. Kwani mlango unaliwa?"

Sechelela akakubali. Watoto walikuwa wakilia, na anayeliliwa na watoto haulizi maswali mengi. Wafanyakazi wa Chibago wakaung'oa mlango, naye akaziba uwazi kwa matawi ya miiba. Asichoambiwa ni kwamba kibaba kile kilikuwa kinazaa kila mwezi ulipoandama, na watoto wa kibaba nao wanazaa.

Alipovuna, alipeleka makapu mawili. Chibago akapima, akatikisa kichwa kwa huruma ya kuigiza. "Haya ni ya vibaba, mama. Kapu lenyewe bado hujaligusa." Uwele akauchukua, na mlango akaushikilia.

Wiki hiyohiyo fisi akaitawanya miiba, akabeba mbuzi wawili. Kulipokucha Chibago akaja. Sechelela akadhani amekuja kumpa pole.

"Hao watatu waliobaki nipe niwachukue," Chibago akasema, "kabla fisi hajanitia hasara."

Hasara yeye! Sechelela alihisi kifua kinafuka moshi. Akamkatalia, akaenda moja kwa moja barazani kwa Mtemi Mahinyila. Lakini mtemi alikuwa anakunywa pombe ya Chibago kila msimu, tena pembeni yake palikuwa na kondoo mnono aliyefika jana. "Mlikubaliana," mtemi akasema huku akipangusa midomo. "Neno ni neno." Wazee wa baraza wakatazama vidole vya miguu yao.

Wakati wa kurudi, Sechelela akapita kwa Chibago. Akaiona milango ya wajane na wakulima, arobaini kamili kwa hesabu ya Mzee Ndahani, imesimamishwa kuzunguka ua mpya. Wa kwake ulikuwa pale langoni, una alama za tezo la marehemu mumewe, unawalinda mbuzi wa Chibago. Akasimama akiutazama. Kisha akaenda nyumbani, akakusanya watoto, mbuzi na mkeka, akaingia ndani ya ua ule, akaufunga mlango wake kwa ndani.

Kesho yake wenye milango wengine wakamfuata. Haukupita muda, ua ukajaa mbuzi wa watu, na mbuzi hao wakaligundua ghala la uwele. Chibago akakimbilia barazani bila kilemba.

"Mtemi, nimevamiwa!"

"Sijavamia," Sechelela akasema nyuma yake. "Nalala nyuma ya mlango wangu."

"Mlango ni wangu!"

"Ni wako? Basi umeshajilipa, deni limekufa. Nirudishie makapu yangu mawili."

Chibago akapunga mikono. "La, la... ni wako. Kwangu ni rehani tu."

"Kama ni wangu, mbuzi wangu watalala nyuma yake. Chagua, baba."

Baraza zima likaangua kicheko, na mtemi akacheka nao. Sechelela hakucheka.

"Usicheke, Mtemi. Ulisema neno ni neno. Huyu alinitajia kibaba kimoja, akanificha kizazi chake chote. Mlango wa rehani hauzuii fisi. Na wewe uliyenoneshwa na mkopeshaji, wewe ndiwe mlango wetu, na umewekwa rehani!"

Kicheko kikakatika. Wazee wakainua vichwa, na safari hii walimtazama mtemi, si vidole. Mtemi akamwangalia yule kondoo, akaagiza arudishwe. Kabla jua halijazama sheria ikatangazwa: mlango, jembe na chungu haviwekwi rehani, nyongeza yote itajwe mbele ya mashahidi siku ya kukopa, na deni lisizidi mara mbili ya kilichokopwa. Anayevunja, ghala lake linafunguliwa.

"Milango ikarudi makwao," Mzee Ndahani akamalizia. "Sechelela aliubeba wake peke yake kichwani, na Chibago amekaa juu yake analia!"

"Wee mzee!" Mama Lechipya akadakia kutoka ndani ya duka. "Sechelela ni bibi yake mama yangu. Mlango aliubeba na dada zake, na Chibago alikuwa amejificha uvunguni. Tena milango ilikuwa saba!"

Vijana wakapiga kelele, wakadai soda za faini. Mzee akapapasa mifuko kwa muda mrefu kuliko ukubwa wa mifuko yenyewe.

"Mama Lechipya, wape tu. Nitalipa pensheni ikitoka."

"Weka mlango."

"Toba!" mzee akasema, akavua kiatu, akatoa noti iliyokunjwa na kuilaza kwenye kaunta. "Nalipa sasa hivi. Mlango wa rehani hauzuii fisi."