Nungunungu na Shairi la Tope

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kwa kunong'ona? Hapa hakuna askari. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hivyo ndivyo.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipelekana mahakamani, aliishi Nungunungu, mtunzi wa mashairi. Alikuwa akichomoa mwiba mgongoni na kuandika nao kwenye jani la mgomba.

Mwaka mmoja wa kiangazi, wanyama walichimba bwawa. Walichimba kwa kwato, walichimba kwa kucha, walichimba kwa midomo. Maji yalipojaa, Mfalme Kiboko akaingia kupima kina. Hakutoka tena.

"Bado napima," alisema kila alipoulizwa.

Nungunungu akaandika:

*Bwawa tulichimba sote,*
*Kiboko katwaa lote,*
*Sisi twabaki na tope.*

Jani likapita kwa huyu, likapita kwa yule, likamfikia mfalme. Nyumbu, askari wake, akatumwa kumfungia Nungunungu pangoni. Kisha Kiboko akatangaza, "Atakayeyatamka maneno hayo, awe yeyote, ndani!"

Kila asubuhi Nyumbu alimuuliza mfungwa, "Unayakana?"

"Siyakani."

Hapo aling'olewa miiba mitatu. Nungunungu alilia kwa uchungu, na kesho yake akajibu vilevile.

Jirani yake alikuwa Bi Kanga. Bi Kanga hakujua kuandika hata jina lake. Alichokuwa nacho ni sauti. Siku ya hukumu alisimama ukingoni mwa bwawa, mfalme akiwa majini, Nungunungu kafungwa kamba, na wanyama wote wamejaa.

"Mtukufu, nimekuja kumtetea jirani yangu. Amefanya nini?"

"Ameandika."

"Ameandika nini?"

Baraza zima likatazama chini.

"Mtu hahukumiwi kwa kosa asilosomewa," alisema Bi Kanga. "Asomewe!"

Kiboko akaona aibu. "Karani, soma!"

Ngiri, karani wa mfalme, akasoma kwa sauti ya kukwaruza: "Bwawa tulichimba sote, Kiboko katwaa lote, sisi twabaki na tope."

"Ameyatamka! Ndani!" alinguruma Kiboko. Nyumbu akamburura karani hadi pangoni, akarudi.

"Wa nyuma hawakusikia," alisema Bi Kanga.

"Nyumbu, rudia!" aliamuru Kiboko.

Nyumbu akarudia kwa ukakamavu, neno kwa neno.

"Ameyatamka! Ndani!"

Nyumbu akapiga saluti, akajikamata mwenyewe, akajiburura hadi pangoni, akafunga mlango kwa ndani.

"Huyo kasoma mbiombio mno," alisema Bi Kanga. "Asome waziri."

Waziri alikuwa Fisi. "Mimi sijui maneno hayo, Mtukufu! Sijawahi kusikia popote kwamba bwawa tulichimba sote, Kiboko katwaa lote..."

"Ndani!"

Sasa hapakuwa na mtu wa kumpeleka. Fisi akaenda mwenyewe, akabisha hodi, akafunguliwa.

Kiboko akahema kwa hasira. "Wajinga nyie! Mnashindwa na mistari mitatu? Bwawa tulichimba sote! Kiboko katwaa lote! Sisi twabaki na tope! Si hayo tu?"

"Ndiyo hayo, Mtukufu," alisema Bi Kanga polepole. "Na umeyatamka."

Wanyama wakamtazama mfalme. Hakuna aliyecheka. Hapo ukasikika ukelele kutoka pangoni. Ngiri, Nyumbu na Fisi walikuwa wameshikwa na kiu, wakanywa maji ya wafungwa yaliyokuwa humo.

"Jamani," alilia Ngiri, "kumbe ni tope kweli!"

Ndipo kicheko kikapasuka. Mamba alicheka, Twiga alicheka, hata vyura walicheka. Kiboko akatafuta askari wa kuwanyamazisha, hakuna. Akatafuta karani wa kuandika majina yao, hakuna. Akatafuta waziri wa kumwambia kwamba wanacheka jambo jingine; hakuna. Akatoka majini taratibu, akajilaza pembeni.

Bi Kanga akamfungua kamba Nungunungu. Mgongo wake ulikuwa na mabaka matupu, na miiba ya hapo haikuota tena. Kila alipoanza kunywa maji ya bwawa, machozi yalimtoka akaacha, na Bi Kanga akamngoja.

Kesho yake likatoka tangazo: "Mfalme Kiboko, kwa huruma yake, amewazawadia wananchi bwawa. Nungunungu atunge shairi la shukrani."

Nungunungu akalisoma mara moja. Akachomoa mwiba katika ile michache iliyobaki.

"Nyoosha jani, jirani," alimwambia Bi Kanga. "Naandika jinsi bwawa lilivyopatikana."

Hadithi yangu imekomea hapo. Na mkiulizwa ni nani aliyewasimulia, semeni mmesahau.