Dirisha la Kocha Jebiwott

Mwenye wivu huchungulia, mwenye haja huuliza.

Mama Sarange, aliyetunza uwanja wa barafu wa mjini mpaka alipostaafu, aliwarushia maneno hayo wasichana watatu aliowakuta wamebana macho kwenye ufa wa ukuta, wakipeleleza mazoezi ya chuo kingine. Wakacheka kwa aibu, kisha wakataka kujua methali hiyo imetoka wapi.

"Imetoka hapa hapa mliposimama," akasema. Akaketi, akawasimulia.

Kocha Mghoi wa Chuo cha Mwatunge alikuwa hodari. Wasichana wake wa magongo ya barafuni walifika fainali miaka miwili mfululizo, katika nchi ambayo wengi huijua barafu ndani ya glasi ya soda tu. Lakini fainali zote mbili alifungwa na Kocha Jebiwott wa Chuo cha Kiriru, na ushindi wa Jebiwott ukamkwama kooni kama mwiba wa samaki. Jebiwott akitajwa redioni, Mghoi alizima redio. Hata kicheko cha mwenzake, kikubwa na kisicho na hila, kilimchoma. Mwaka wa tatu mkuu wa chuo akamwambia, "Ukishindwa tena, filimbi hiyo nitampa mwingine."

Asubuhi ya fainali Mghoi alipita kando ya chumba cha vifaa, akachungulia dirishani. Jebiwott alikuwa peke yake, kiatu cha barafu mapajani, tupa mkononi. Hakuwa ananoa. Alikuwa anayaua makali ya chuma kilicho chini ya kiatu, polepole, mpaka kikawa bapa kama kibao cha chapati.

Kumbe! Moyo ukamruka Mghoi. Ndiyo maana wasichana wa Kiriru hupaa: chuma chao hakiiumi barafu!

Mlango ulikuwa wazi. Jebiwott hakuwahi kumnyima mtu jibu. Lakini kuingia ni kukiri kwamba mwenzake anajua na yeye hajui. Heri afe.

Akaenda kwenye basi la timu yake, akasugua jozi zote za viatu kwa tupa mpaka vidole vikatoka malengelenge. Nthenya, nahodha wake, alivaa vyake, akapiga hatua mbili barafuni, akarudi.

"Kocha, viatu vinateleza."

"Ulitaka viende wapi? Hapo ni barafu, si zulia."

Filimbi ikalia. Wasichana wa Mwatunge wakakimbia vizuri mpaka walipohitaji kukata kona. Hapo wakatawanyika kama maharagwe yaliyomwagika kwenye sinia. Aliyetaka kwenda kulia alikwenda kushoto. Aliyetaka kusimama alisimamishwa na ukuta. Nthenya aligonga goti, likavimba kama chungwa. Wakafungwa saba bila.

Jebiwott hakusubiri kombe. Alikuja moja kwa moja, akainua kiatu kimoja, akapitisha kidole kwenye chuma chake.

"Mghoi, dada yangu, nani amewaharibia watoto viatu?"

"Usijifanye! Nilikuona asubuhi kwa macho yangu haya, ukiua makali."

Jebiwott akamtazama, kisha akageuka. "Chemeli! Njoo, leta mguu." Akaja msichana mpana, amejifunga magodoro miguuni. "Ni hiki ulichokiona?"

"Hicho hicho."

"Huyu ni golikipa, Mghoi. Kazi yake ni kuteleza kutoka nguzo hadi nguzo, basi. Wenzake wote wana makali ya kunyolea ndevu. Na mlango ulikuwa wazi. Mbona hukuuliza?"

Nthenya, aliyekuwa anafungua kamba za viatu bila kuinua kichwa, ndiye aliyejibu:

"Mwenye wivu huchungulia, Kocha. Mwenye haja huuliza."

Mghoi akaivua filimbi shingoni mwenyewe, kabla mkuu hajaiomba.

Mama Sarange akawageukia wale wasichana watatu. Nyuma ya ukuta magongo yalikuwa bado yanagongana.

"Mwenye wivu huchungulia," akaanza, akingoja wamalizie.

Badala ya kumalizia, mmoja wao alijifuta vumbi la ukuta usoni, akazunguka hadi mlango mkubwa, akagonga.

"Hodi, Kocha. Nina swali."

Mama Sarange akajimalizia mwenyewe: "Mwenye haja huuliza."