Mbega Alitoka, Mkia Ukabaki

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa gani hiyo, ya watu waliokula ubwabwa wakavimbiwa? Mama Sijali, mtikise huyo baba watoto. Tunarudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nasikia watu.

Zamani zile za kale, wanyama walipokuwa na vikao na vikao vikiwa na ajenda, palikuwa na chama cha mbio katika bonde moja lenye mto. Chama hakikuwa cha kutafuta faida. Hakuna aliyelipwa hata punje ya mtama. Ukiingia kwenye kamati yake, umeingia kwa kupenda mbio tu.

Kamati ilikuwa ya wanne. Mwenyekiti alikuwa Bi Kiboko, mama mzito, akikaa amekaa. Katibu alikuwa Kanga, aliyeandika kumbukumbu kwa kucha mavumbini, paru-paru-paru, akimaliza upepo unazifuta. Wa tatu, Bwana Mbega. Huyo ungemjua kwa mbali: joho la manyoya meupe mabegani, na mkia mrefu, mweupe, umejaa nchani kama ufagio mpya. Wa nne alikuwa Nguchiro, amechaguliwa juzi tu, mfupi, na maswali hayamwishi.

Kila mwaka kamati ilichagua mkimbiaji mmoja. Mmoja tu, akakimbie ng'ambo ya mto kwa niaba ya bonde zima. Na kanuni ilisema hivi: anayekosa kuchaguliwa mara tatu, jina lake linafutwa. Hagombei tena mpaka kufa.

Basi, Digidigi alikuwa amekosa mara mbili.

Digidigi ni swala mdogo, miguu kama njiti za kiberiti. Lakini akikimbia, pyu! Unaona vumbi, yeye humwoni. Kila asubuhi alishindana na Tumbili mazoezini, na kila asubuhi alimwacha. Wajumbe walitazama. Wote walisema, "Mwaka huu ni Digidigi." Wakiingia kikaoni wanasema Digidigi. Wakitoka kikaoni wanasema Tumbili.

Kwa nini? Ndiyo, kwa nini? Na mimi nataka kujua.

Sikilizeni jambo moja. Tumbili alikuwa mpwa wake Bwana Mbega. Msiniulize Mbega na Tumbili wameoleana vipi, harusini sikualikwa. Ila Mbega hakuficha. Kikao kilifanyika pangoni, na pango lilikuwa na mlango mmoja. Ikifika ajenda ya uchaguzi, Mbega alisimama, akakohoa, khm-khm, akasema, "Mwenyekiti, naomba iandikwe kwamba mgombea mmoja ni mtoto wa dada yangu. Nina maslahi. Natoka nje."

"Iandikwe," anasema Bi Kiboko.

Paru-paru, Kanga anaandika. Mbega anatoka. Anakaa mlangoni kwa nje, mgongo kwa wenzake, uso kwa mto, mikono magotini, mtu mzima na heshima zake. Wajumbe wanatikisa vichwa. Ee, mjumbe ndiye huyo.

Mwaka huo wa tatu ikawa vilevile. Mbega akasema, akatoka, akakaa. Nguchiro, kwa kuwa ni mgeni, alikuwa amepewa nafasi mbaya, chini kabisa, karibu na mlango. Mjadala ukaanza.

"Mimi naona Digidigi," akasema Kanga.

Kitu kikamgusa Nguchiro puani. Kitu laini. Akapiga chafya, chya. Akatazama. Kumbe ni mkia wa Mbega. Mwenyewe yuko nje, mkia uko ndani, umelala sakafuni dhiraa nzima. Na jina la Digidigi lilipotajwa, mkia ulinyanyuka kidogo, ukaanguka, pwaa, kama umeletewa habari ya msiba.

Kanga akautazama. Akajikuna shingo. "Ingawa," akasema, "Digidigi ni mdogo sana."

"Na Tumbili?" akauliza Bi Kiboko.

Mkia ukasimama. Ukapunga, wi-wi-wi, kama shangazi mwenye leso mpya harusini.

"Tumbili ana uzoefu," akasema Kanga.

"Uzoefu ni kitu kikubwa," akasema Bi Kiboko, macho kwenye mkia, ulimi unazunguka midomoni.

Kwa maana, niwaambie, juu ya mikuyu ni Mbega anayetikisa matawi. Tini zikidondoka, po-po-po, ni Kiboko na Kanga wanaookota. Mtikisaji akinuna, chini hakudondoki kitu. Hilo hakuna aliyewahi kulisema. Hakuna hata aliyejua kwamba analijua.

"Naomba kuuliza," akasema Nguchiro.

"Uliza, mwanangu, ila kwa kifupi."

"Bwana Mbega ametoka?"

"Ametoka. Imeandikwa."

"Ametoka mwili mzima?"

Kanga akainama, akasoma mavumbi. "Imeandikwa ametoka," akasema. "Haikuandikwa kiasi gani."

"Basi mniruhusu nijaribu kitu." Nguchiro akausogelea mkia, akasema polepole, "Digidigi." Pwaa. "Tumbili." Wi-wi-wi. "Digidigi." Pwaa. "Tumbili." Wi-wi-wi. "Muhogo."

Mkia ukatulia. Kuhusu muhogo haukuwa na maoni.

Bi Kiboko alifumba macho. "Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili mimi naongoza kikao na mkia."

Wakamwita Mbega, wakamweleza. Mbega akavimba. "Mimi nilisimama. Nilitangaza. Nilitoka. Leo mnaniita mdanganyifu?"

"Hapana, mzee wangu," akasema Nguchiro. "Geuka tu, utazame mwenyewe." Akayataja majina tena.

Mbega akautazama mkia wake ukianguka, ukipunga. Akaushika kwa mikono miwili. Akaubana magotini. Kisha akajaribu mwenyewe, kwa sauti ndogo. "Tumbili," akasema, na mkia ukachomoka ukampiga kidevuni.

"Sikuutuma," akasema.

"Tunajua hukuutuma. Unampenda mpwa wako, na hilo si kosa. Kosa ni kwamba ulikaa karibu mno na mlango," akasema Nguchiro.

Mbega akafikiri. Halafu akaukusanya mkia wote begani, kama mtu abebaye kamba ya kisima, akaenda zake mpaka nyuma ya kilima, asikoonekana wala asikosikia.

"Haya, tupige kura," akasema Kanga.

"Bado," akasema Bi Kiboko. "Tini nilizokula jana, nani alizitikisa?"

Kanga akaanza kuzichunguza kucha zake.

"Nakuuliza wewe, Katibu. Za kwako nani alizitikisa?"

"Tukitoka na sisi atabaki Nguchiro peke yake," akasema Kanga. "Mtu mmoja si kamati."

"Basi tubaki, lakini iandikwe kwamba tumekula. Na kuanzia leo anayekalia kiti cha kamati hii ataokota tini za mti mwingine." Ilimuuma kusema hivyo, tumbo lilisikika likilalamika, ngurr. "Kisha tuulizane jambo moja. Asubuhi, mazoezini, nani hutangulia?"

"Digidigi," akasema Nguchiro.

"Digidigi," akasema Kanga, na safari hii hakujikuna.

"Digidigi," akasema Bi Kiboko. "Kamwiteni."

Digidigi alikuwa mtoni, amejificha kwenye matete, maana hakutaka watu wamwone jina lake likifutwa. Alipoambiwa, akakaa chini kwenye tope. Walisubiri mpaka asimame.

Mbega naye akarudi kutoka kilimani akitembea upande upande, anaogopa kuonana na mpwa wake. Tumbili akamfuata mwenyewe.

"Mjomba," akasema, "miaka miwili nimekimbia ng'ambo nikijiuliza, nimechaguliwa mimi, au umechaguliwa wewe? Ukikimbia na swali hilo, miguu inakuwa mizito."

Tumbili akamgeukia Digidigi. "Kesho mazoezi yako saa ngapi, dada? Utahitaji mtu wa kukukimbiza."

Siku ya mbio Digidigi akavuka mto, akasimama mstarini, akalitetea bonde lake mbele ya wageni. Alishinda kwa hatua kumi na moja. Aliyezihesabu ni Tumbili, akawasimulia watu njia nzima ya kurudi mpaka wakamwomba anyamaze.

Fundisho ni hili, na ninyi wazazi mlio kwenye kamati za shule, za maji na za mpira, tazameni mbele, msitazamane. Ndugu yako akiwa kwenye jambo linaloamuliwa, sema wazi, kisha toka, na utoke mpaka wasikuone wala usiwasikie. Hata ukiwa mwema. Hasa ukiwa mwema, kwa sababu mtu mwema hakuna anayemchunguza, wala yeye hajichunguzi. Na ninyi mnaobaki ndani, kabla ya kura, mjiulize mnaogopa kumuudhi nani.

Hadithi yangu imekomea hapo, nami koo limekauka. Nani ana maji?