Ndama wa Tumwitike na Simu Isiyoshika Chaji

Mwenye simu aiweke mfukoni kwanza, maana hadithi yenyewe ni ya simu, na sitaki mtu aje kuniambia nusu yake hakuisikia. Mwishoni nitawauliza jambo moja tu. Anayejibu haraka huwa hakusikiliza vizuri, nawaonya mapema.

Huko Rungwe, kwenye vilima ambako mvua hunyesha wiki nzima na watu huenda shamba kama kawaida, waliishi majirani watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Anyimike, msusi. Kipaji chake kilikuwa macho. Najua kila mtu hapa ana macho, lakini macho ya Anyimike yalikuwa ya kazi nyingine. Aliweza kuona yai la chawa kwenye kichwa cha mtoto anayekimbia, akamwita mama yake palepale.

Wa pili ni Gwamaka, fundi wa redio. Kipaji chake kilikuwa mkono. Mkono wa Gwamaka haukutetemeka akiwa na njaa, wala akiwa na hasira, na hasira alikuwa nazo karibu kila siku.

Wa tatu ni Asajile, mfuga nyuki. Kipaji chake kilikuwa kutulia. Alikaa kando ya mzinga mpaka nyuki wakatembea juu ya kope zake, naye asipepese. Hata kuongea aliongea kwa nadra.

Na katikati ya hao watatu aliishi Tumwitike, ambaye watu walimwita Mama Lusajo kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye hakuwa na kipaji kati ya hivyo. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, aitwaye Sikujua, aliyemlea kwa chupa tangu siku mama yake alipokufa. Na alikuwa na neno. Tumwitike akisema jambo, limesemwa. Hajui kulirudisha mdomoni. Neno hilo ndilo lililomponza, mtaona.

Jambo moja kabla sijaendelea. Tumwitike na Asajile walikuwa hawasalimiani. Sikujua alivunja ua akala matuta mawili ya kabeji za Asajile. Asajile akataka aombwe radhi, Tumwitike akasema ua wenyewe ulikuwa umeoza. Miezi minane wakawa wanapishana njiani kila mtu anatazama miguu yake.

Basi, siku ya gulio, asubuhi, Sikujua akashikwa na uchungu. Tumwitike aliona kwato mbili za mbele zikitoka, akasubiri pua. Ndama hutoka na miguu miwili, pua ikiwa imelala juu yake. Pua haikuja. Ng'ombe akasukuma, akalala, akasukuma tena, na bado pua haikuja. 

Akampigia Daktari Lugano, daktari wa mifugo, aliyekaa ng'ambo ya mto. Daktari akamwambia awashe video ili aone. Akaona.

"Mama Lusajo, kichwa kimegeukia nyuma," akasema. "Ukivuta hivyo hivyo utawaua wote wawili. Mimi siwezi kufika, maji yamepita juu ya daraja. Lakini tutafanya pamoja. Simu ikae mahali nione mkono wako, nami nitakuelekeza."

Hapo hapo simu ikazima.

Sasa niliseme kosa la Tumwitike, na wengine wenu msinikwepe macho. Simu ile tundu lake la chaji lilikuwa limelegea tangu siku nyingi. Ukichomeka waya, alama ya umeme inatokea. Ukiondoa mkono, imepotea. Tumwitike akawa anabana njiti ya kiberiti pembeni ya waya. Njiti moja ilipoacha kushika, akabana mbili. Kila siku tundu likatanuka kidogo, yeye akidhani anatengeneza. Na mchana simu ilishinda kwenye mfuko wa aproni, humo humo anamobebea pumba za ng'ombe. Betri nayo ilikuwa imechoka, haikai bila waya.

Akakimbia ndani, akachomeka, akabana njiti mbili, akabana tatu. Hata alama haikutokea.

Wenye simu za kupangusa wote walikuwa gulioni, upande wa pili wa maji. Waliobaki walikuwa na vitochi, zile simu ndogo za vibonye zisizo na video. Akaazima kitochi cha Anyimike, akasoma namba ya daktari aliyoiandika kwa chaki mlangoni mwa banda, akapiga.

"Kwa maneno matupu nitakupoteza," daktari akasema. "Lazima nione mkono wako ulipo. Una saa moja na nusu hivi. Ikipita hiyo ndama hayupo, na mama yake anamfuata."

Tumwitike akasimama mlangoni mwa banda, mvua inampiga usoni, akasema kwa sauti iliyovuka nyua zote tatu: "Ng'ombe wangu akipona, ndama ni wa mtu atakayeniwashia simu hii."

Limesemwa hilo. Majirani wakaja.

Anyimike aliichukua simu, akaigeuzia mlangoni kwenye mwanga, akachungulia tunduni. "Mama Lusajo, humu kuna shamba," akasema. Tumwitike akachungulia naye, asione kitu. Anyimike akaomba kibanzi cha mwanzi, akakichonga kwa wembe mpaka kikawa chembamba kuliko meno ya kitana. Mtu akamletea sindano, akaikataa. Chuma humo ndani kingeharibu vijipini vya umeme. Akaanza kuchokoa, polepole, pembeni kwanza. Ikatoka pumba iliyogandamana, zikatoka nyuzi za aproni, mwisho ikatoka ncha ya njiti ya kiberiti iliyokatikia ndani nani ajuaye lini. Tundu likawa jeupe. Waya, uliovutwa kutoka nyumbani mpaka bandani, ukaingia mpaka mwisho, ukalia "tiki", na alama ya umeme ikawaka. Kila mtu banda zima akashusha pumzi. Anyimike akaachia mkono, alama ikapotea.

"Umeusafisha mlango wakati bawaba zimeng'oka," akasema Gwamaka. "Nipe hapa."

Gwamaka vyombo vyake vilikuwa kibandani kwake, ng'ambo ya mto. Hilo lilimkasirisha, na alipokasirika alifanya kazi vizuri zaidi. Akafungua mfuniko wa nyuma kwa ukucha na kisu cha jikoni, akachomoa betri kwanza, akaonyesha: kale kachuma ka tundu kalikuwa na miguu minne ya kukashikilia, na yote minne ilikuwa imeachia. Akaweka msumari wa inchi sita kwenye jiko la mkaa mpaka ukaiva. Akakwangua risasi ya kulehemia kutoka kwenye redio mbovu ya Tumwitike. Msumari hauwezi kulenga kama chombo cha fundi. Ukiteleza kwa upana wa unywele, simu imekufa moja kwa moja. Mkono wake haukuteleza. Mguu wa kwanza ukashika. Wa pili ukashika. Kufikia wa tatu risasi ikaisha.

"Miwili kati ya minne," akasema, akifuta jasho kwa bega. "Itapitisha umeme, lakini waya lazima uinuliwe juu kidogo, pembe moja tu, na usicheze. Ukicheza, inazima. Na mimi nimebana msumari wa moto kwa vidole hivi. Sasa hivi haviwezi kushika hata kijiko."

Kweli, vidole vyake viwili vilikuwa vimeungua. Anyimike akajaribu kushika, alama ikawaka, ikazima, ikawaka. Mikono ya msusi imezoea kwenda, haijazoea kukaa. Tumwitike mwenyewe mikono yake ilitakiwa kwingine. Nusu saa ndiyo iliyobaki.

Ndipo Asajile alipoingia. Alikuwa amesimama nje ya banda muda wote, chini ya mvua. Hakumsalimu Tumwitike wala Tumwitike hakumsalimu. Akachuchumaa kwenye samadi, nyuma ya miguu ya ng'ombe, akaipokea simu kwa mkono wa kushoto na waya kwa mkono wa kulia, akauinua kidogo, kidogo tena, mpaka alama ikatokea. Akatulia. Simu ikawaka, Anyimike akapiga, na uso wa Daktari Lugano ukaonekana.

"Haya, Mama Lusajo, sabuni mpaka kwenye kiwiko, kisha mafuta," daktari akasema. "Usivute kitu. Msukume ndama arudi ndani wakati mama yake hasukumi. Tafuta shingo. Ifuate shingo."

Tumwitike akaingiza mkono. Alikuta shingo, akaifuata ilivyopinda, akakuta sikio. Sikujua akasukuma, na mkono wake ukabanwa mpaka akaona nyota. Akangoja. Akaendelea, akakuta taya. "Funika meno yake kwa kiganja, yasichane mfuko wa uzazi," daktari akasema. "Sasa vuta kichwa kije kwako, taratibu, mimi naona, hapo hapo."

Kichwa kikiwa nusu njia, Sikujua akarusha teke. Likampata Asajile kwenye goti. Tumwitike alisikia lile goti likilia. Aligeuka kuitazama simu, roho juu, akijua akikuta kioo cheusi basi amepotea na kichwa mkononi. Kioo kilikuwa kinawaka. Asajile machozi yalikuwa yanamtoka, na mikono yake ilikuwa palepale.

"Endelea," Asajile akasema. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia baada ya miezi minane.

Kichwa kikaja. Pua ikatokea juu ya kwato, mahali pake. Wakafunga kamba juu ya vifundo, Sikujua aliposukuma wakavuta kuelekea chini, na ndama akateremka mzima mzima kwa mpigo, jike, mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Anyimike akamsafisha pua, Gwamaka akamsugua kwa nyasi kavu kwa mkono wake mzima. Ndama akapiga chafya. Hapo Asajile akaachia waya, simu ikazima, na hakuna aliyejali.

"Ndaga," Tumwitike akamwambia, neno la shukrani la kwao. Kisha akasema lile lililomkaa kooni: "Na zile kabeji, nisamehe." Akalia, wala hakujificha.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Lakini siku ya pili maji yalishuka, Daktari Lugano akavuka, akampima Sikujua, akasema: "Atapona, na maziwa atatoa. Ila usimpandishe tena. Akishika mimba nyingine itamuua."

Kwa hiyo ndama yule ndiye wa mwisho. Hakuna wa pili atakayefuata wala wa tatu. Tumwitike alimtazama akinyonya, akajua akimtoa, siku Sikujua atakapozeeka banda litabaki tupu. Watu wakamwambia neno la kwenye mvua si neno. Akasema yeye hana neno la kwenye mvua na neno la kwenye jua. Ana neno moja. Wakamwambia basi auze, wagawane. Majirani wote watatu wakakataa, kila mmoja anamtaka ndama mwenyewe, mzima, mwenye miguu minne.

Anyimike alisema: "Sijawahi kumiliki hata kuku. Mimi ndiye niliyeona. Bila kibanzi changu, Gwamaka angelehemu tundu lililojaa pumba, na waya usingeingia mpaka kesho."

Gwamaka alisema: "Ulisafisha, simu ikawaka? Haikuwaka. Mimi ndiye niliyeweka vidole kwenye moto. Na ng'ombe wangu alikufa mwaka jana, sote mnajua."

Asajile alikuwa wa mwisho. "Mimi nilishika waya tu," akasema. Watu wakadhani amejitoa. Kisha akaongeza: "Ila nilikuwa nimeushika wakati ndama anazaliwa. Na miguu miwili ya huyu ndama ni kabeji zangu." Hata Gwamaka akacheka.

Tumwitike aliwapima usiku na mchana. Alimwondoa Anyimike akilini mwake, simu ikabaki imeziba. Akamwondoa Gwamaka, simu ikabaki imelegea. Akamwondoa Asajile, simu ikazima na kichwa cha ndama kiko nusu njia. Kila aliyemwondoa, ng'ombe alikufa.

Nyumbani kwao ndama hupewa jina na mwenye kummiliki, siku kitovu kinapokauka na kuanguka. Kitovu kilianguka leo asubuhi. Tumwitike amemfunga ndama kamba mpya shingoni, amemtoa bandani, na Sikujua analia nyuma yake. Uani wamesimama watatu: Anyimike kushoto, Gwamaka na vidole vyake vilivyofungwa kitambaa katikati, Asajile kulia ameegemea fimbo. Ndama hana jina. Kamba iko mkononi mwa Tumwitike, naye amekwisha kuinyoosha mbele.

Haya, wewe uliyekuwa unasikiliza. Usimsaidie huyo mama kutafuta pa kukimbilia, mlango huo ameufunga mwenyewe. Ile kamba, ungeiweka mkononi mwa nani?